Eywa wa Wanavi: hiyo ni dini, au ni elimu ya viumbe tu?

#1 FundiKarabai (Katonga, Kigoma)
Wakuu, salaam. Nataka tujadili jambo ambalo pale kijiweni kwetu limeshagawa watu.

Msimamo wangu ni huu: wale watu wa bluu wa filamu ya Avatar, Wanavi, hawana dini. Mnaikumbuka filamu yenyewe, ya James Cameron, ilitoka mwaka 2009. Wanaishi Pandora, wanasema Eywa ni Mama Mkuu, wanaimba chini ya miti, wanazika wafu wao kwa heshima. Watu wengi wakiona hivyo wanasema haraka, "ah, dini ya asili." Mimi nakataa.

Sababu yangu ni moja. Eywa anapimika. Dk. Grace Augustine, yule mtaalamu wa mimea, aliwaambia wakubwa wa kampuni ya madini kwamba mizizi ya miti inawasiliana kwa njia ya kemia na umeme. Kila mti umeungana na mingine elfu kumi, na Pandora ina miti trilioni moja. Ni mtandao mkubwa kuliko ubongo wa binadamu. Mnavi akiunganisha ule mkia wa nywele zake na mti anasikia sauti za wazee wake waliokufa. Anazisikia kweli, hahitaji kuambiwa na mtu.

Sasa imani ni kwa kisichoonekana. Mimi siamini umeme, nawasha taa. Mnavi naye anawasha taa. Dini iko wapi hapo?

Nauliza kwa sababu kijana mmoja alisema Wanavi ni kama babu zetu kabla ya wamisionari, na mwenzake akamjibu kwamba babu zetu hawakuwa na dini, walikuwa na mila tu. Ugomvi ukaanzia hapo. Karibuni.

#2 BintiUjiji
Fundi, umechagua kipande kimoja cha dini ukakiita dini nzima. Kusadiki kwamba kitu kipo ni mlango tu. Tazama wanachofanya wakishaingia.

Neytiri, yule binti wa Kinavi, akiua mnyama anapiga magoti, anamwita ndugu, anamshukuru, anamwambia roho yake inakwenda kwa Eywa na mwili wake unabaki kuwa sehemu ya watu. Mama yake, Mo'at, ni tsahìk, kazi yake kufasiri matakwa ya Eywa kwa ukoo mzima. Kijana hahesabiwi kuwa mmoja wao mpaka apite majaribio, ndipo wanasema amezaliwa mara ya pili. Wanafundishana kwamba nguvu zote ni za kuazima, siku moja utazirudisha.

Una kuhani, una ibada, una jando, una mafundisho ya kifo. Ukivikuta hivyo vyote kijiji chochote cha Tanzania utaviitaje?

#3 DagaaMchele
Mimi niliona ile iliyotafsiriwa na DJ, kwenye kibanda cha video. Yeye alisema Eywa ni "Mungu wa kike wa msitu wa sayari ya Pandora." Ndiye huyo huyo?

#4 KijanaWaGungu
#3 ndiye. Ila Pandora si sayari, ni mwezi, unazunguka sayari kubwa ya gesi huko Alpha Centauri. Madj wetu wanaongeza chumvi nyingi hadi Uvinza, kwenye machimbo ya chumvi, waone haya.

#5 KatekistaKasulu
Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu wote wa dini zote.

Binti, hayo uliyoyataja #2 ni matendo ya kiibada, sikatai. Lakini ibada ikielekezwa kwa kiumbe badala ya Muumba, Kanisa lina jina lake, na jina hilo si dini. Filamu ilipotoka, hata gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliikosoa Januari 2010 kwamba imezama katika hali ya kiroho ya kuabudu maumbile. Redio Vatikani nayo iliona kwamba inakonyeza macho mafundisho yanayogeuza ikolojia kuwa dini ya milenia hii. Eywa hakuumba Pandora. Yeye ndiye Pandora. Mtu anayeabudu alichosimama juu yake bado hajamfikia Mungu.

#6 BintiUjiji
Shikamoo Katekista. Naomba nitenganishe maswali mawili. "Ni dini ya kweli?" ni swali lako, na una haki nalo. "Ni dini?" ndilo swali la uzi huu. Hata hao wa Vatikani wasingejisumbua kuikosoa filamu kama wangeona ni somo la mimea tu.

#7 MsomajiWaGungu
Naungana na Binti, na nitaleta ushahidi kutoka kwetu Waislamu, maana humu Kigoma tuko wengi na kuna wanaodhani sisi tunasema dini ni yetu peke yetu.

Surat al-Kafirun. Mtume ﷺ anaamrishwa awaambie makafiri wa Makka: nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu. Hawa walikuwa waabudu masanamu, na sura yenyewe imewakatalia mara kwa mara, siabudu mnachoabudu. Lakini haikusema hamna dini. Ilisema mna yenu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na dini ambayo mimi naiona ni upotofu mtupu, na bado nikaiita dini. Eywa kwangu ni shirki tupu, na wale wanaomwomba wana dini yao.

#8 MnyamweziWaIsevya (Tabora)
Mwangaluka wana Kigoma, watu wa mwisho wa reli. Treni yenu hupita kwetu kwanza, basi na hoja zipite kwetu.

Mmegusa babu zetu, nami siwezi kunyamaza. Mnasema "dini ya asili" halafu mnafikiri babu alikuwa anasujudia mti. Wanyamwezi walikuwa na Mungu mmoja aliye juu ya yote, na majina yake yanajulikana: Likube, Limatunda yule aliyeumba, Liwelelo ambaye ni ulimwengu wote, na hata Limi, jua. Katika maisha ya kila siku hawakumsumbua Likube kwa kila homa ya mtoto. Walizungumza na mizimu ya wazee, kwa sababu mzee wako anakujua.

Sasa angalieni Liwelelo. Mungu anaitwa kwa jina la ulimwengu mzima. Mtu wa Pandora akija Tabora ya zamani angeelewa hapo mara moja. Na hakuna babu yangu aliyechomeka nywele kwenye mti akasikia sauti. Alimwaga pombe ya mtama, akaongea, akangoja. Kama kungoja bila kusikia ndiyo imani, basi babu alikuwa na imani nyingi kuliko Mnavi yeyote.

#9 FundiKarabai
Wabeja sana #8, umenisaidia bila kutaka. Umesema mwenyewe: babu alingoja bila kusikia. Hapo naona dini. Mnavi hangoji. Ndiyo maana nasema wale wawili hawafanani na yule kijana wa kijiweni alikosea kuwaweka kapu moja.

#10 MwalimuMstaafu (Kibondo)
Nimesoma yote kwa furaha. Niruhusuni nirefuke.

Mnabishana kwa sababu kila mmoja ameshika kipimo chake bila kukitaja, na vipimo hivi vina historia. Mwaka 1871 Mwingereza Edward Tylor alichapisha London kipimo kifupi kabisa: dini ni kusadiki viumbe vya kiroho. Ni mwaka uleule ambao Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji, yaani wakati mmoja anaandika ofisini kuhusu "watu wa mwanzo", wenzake walikuwa wanakula samaki wa watu hao. Kwa kipimo cha Tylor, Wanavi wamefaulu, na babu zetu wamefaulu. Lakini yeye aliwaweka chini ya ngazi, akidhani wote watapanda polepole hadi wafike alipo yeye. Ngazi hiyo ndiyo iliyotuumiza. Shuleni kwetu, enzi zangu mwanafunzi, daftari la mahudhurio lilikuwa na safu ya dini, na mtoto ambaye hakubatizwa wala hakuwa Muislamu aliandikwa "mpagani." Nilikaa dawati moja na mmoja wao. Alikuwa na adabu ya sala kuliko sisi wote, hali chakula hajadondosha kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia.

Kisha mwaka 1912 Mfaransa Durkheim akaja na kipimo kingine. Yeye hakujali kama kuna roho au hakuna. Alitazama vitu ambavyo jamii imevitenga kuwa vitakatifu, na jinsi imani na matendo juu ya vitu hivyo yanavyowafunga watu kuwa jumuiya moja. Kwa kipimo hiki swali la Fundi kuhusu umeme linakosa uzito. Mti wa Roho ukiwa na umeme au usiwe nao, Wanavi wameutenga, wanaukaribia kwa taratibu, na wakikaa chini yake wameshikana mabegani wanakuwa kitu kimoja.

Halafu akaja wa kwetu, John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kianglikana, akasema Mwafrika ana dini katika kila pembe ya maisha yake hata huwezi kuitenga. Okot p'Bitek wa Uganda akamkatalia, akasema wasomi wa namna hiyo wanawavisha miungu wa Afrika kanzu za Wagiriki ili wapokelewe Ulaya. Yaani kwake kosa lilikuwa kutafuta kibali.

Mimi naegemea kwa Durkheim, ila Okot ananisumbua kila nikikaa peke yangu.

#11 DagaaMchele
Mwalimu umetuwekea mtihani wa kidato cha sita saa mbili usiku 😅 Asante lakini.

#12 MvuviKibirizi
Mimi si msomi, nitasema ninachokijua majini.

Kusini mwa hapa kuna Kabogo. Kila mvuvi wa ziwa hili anapajua. Baba yangu mdogo alikuwa Muislamu wa swala tano, hakosi Ijumaa. Tukikaribia Kabogo alipunguza mashine, akanyamaza, na sisi wote tukanyamaza. Akachukua kidogo katika chakula tulichobeba, akakitia majini, tukapita. Hakuna kupiga mluzi, hakuna matusi, hakuna kugombana ndani ya boti. Nilimuuliza kama hiyo si shirki. Akasema, "Mimi namwabudu Mwenyezi Mungu. Hapa nabisha hodi."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Je, kubisha hodi ni dini? Sijui. Lakini mtu habishi hodi pasipo mwenyewe.

Fundi, hoja yako ya kuonekana na kutoonekana haifiki hapa. Kabogo mawimbi yanaonekana, boti zilizozama zinajulikana. Baba mdogo hakuhitaji kuamini hatari. Aliiona. Bado alibisha hodi.

#13 MwalimuMstaafu
Kwa kuongeza tu kwa #12: Stanley mwenyewe aliandika habari za Kabogo, za mngurumo unaosikika upande ule na wasafiri kutupa shanga na nguo majini ili wapite salama. Na aliandika kwamba Waarabu nao walifanya. Basi baba yako mdogo alikuwa na watangulizi wa muda mrefu, tena wa imani yake.

#14 MsomajiWaGungu
Allah amrehemu kama ametangulia. Lakini tuseme ukweli, ile si sunna. Tusiipambe.

#15 MvuviKibirizi
Amin. Sijaipamba, nimeieleza.

Na jambo lingine. Mwaka 2024 Serikali ilifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Watu walilalamika, wengine walielewa. Wazee wa zamani nao walikuwa na siku na sehemu za kutovua, kwa sababu za mizimu. Sasa amri ni moja, sababu mbili. Ile ya wazee mnaita dini au imani potofu, hii ya wizara mnaita sayansi. Samaki yeye hajui tofauti.

#16 FundiKarabai
#15 hapo umeniunga mkono kabisa! Ndicho ninachosema kuhusu Pandora: wanachoita Eywa ni usimamizi wa mazingira wenye nyimbo.

#17 BintiUjiji
Fundi usimchukue Mvuvi mateka, hakusema hivyo.

#18 MwongozaGombe
Habari zenu. Uzi mtamu. Kwa kazi yangu naingia Gombe mara kwa mara, na nina kitu ambacho kitawashangaza kuliko Pandora, tena kiko hapa kwetu.

Bonde la Kakombe lina maporomoko ya maji. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1965 na kufariki Oktoba 2025, aliandika kwamba sokwe madume wakikaribia maporomoko yale nywele zinawasimama, wanaanza kuyumba kwa miguu miwili, wanakanyaga majini, wanabembea kwenye mizabibu ya porini, wanarusha mawe makubwa. Wakimaliza, baadhi yao wanakaa juu ya jiwe na kuyatazama maji yanavyoanguka. Hakuna chakula pale. Hakuna jike wa kumvutia wala adui wa kumtisha. Mvua kubwa ikianza nako hufanya hivyo.

Yeye alijiuliza kama hisia ile, ya kustaajabia kitu kisichoeleweka ambacho kinakuja siku zote na kinaondoka siku zote, ndiyo iliyozaa dini za mwanzo za binadamu za kuabudu maji na jua. Hakusema sokwe wana dini. Alisema wangekuwa na lugha ya kuambiana walichohisi, pengine wangefika huko.

Hilo linanifanya nione kwamba Fundi na Binti wote wameanzia mbali. Mwanzo kabisa kuna mshangao. Wanavi wanao, tena mwingi.

#19 KijanaWaGungu
#18 marekebisho kidogo. Goodall alifika Gombe Julai 1960. Mwaka 1965 ni Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza utafiti wa sokwe kule Mahale. Mengine yote sawa.

#20 MnyamweziWaIsevya
Kwa hiyo Kigoma hata sokwe wanasali, ila nyie mnabishana kama Wanavi wana dini 😂

#21 KatekistaKasulu
Mnyamwezi, tuheshimu. Nafsi yenye akili ndiyo inayosali. Sokwe anaweza kushangaa, hata mbwa wangu hushangaa radi. Dini inaanza pale kiumbe anapojua kwamba anawajibika. Ndiyo maana naendelea kuuliza: Mnavi akikosa, anamkosea nani? Eywa anasamehe? Ana amri? Neytiri alimwambia Jake, yule askari wa kibinadamu aliyejiunga nao, wazi kwamba Mama Mkuu hachagui upande, analinda mizani ya uhai tu. Mungu asiyechagua kati ya haki na dhuluma, unamtubia vipi?

#22 BintiUjiji
Katekista swali zuri sana, ndilo bora tangu uzi uanze. Ila kumbuka kilichofuata. Jake aliomba pale kwenye Mti wa Roho. Akaambiwa Eywa hachagui upande. Kesho yake vitani, Wanavi wakiwa wanakufa, wanyama wa Pandora nzima wakaja kuwapiga wavamizi, na Neytiri akapaza sauti kwamba Eywa amesikia. Maana yake nini? Ama tsahìk na watu wake hawakumjua vizuri Mama yao, ama dua ilibadili kitu. Vyovyote vile, hapo tumeshatoka kwenye kuwasha taa. Swichi haibembelezwi.

#23 MtuWaMahale
Salamu kutoka kusini. Nimefanya kazi za kambi kwa watafiti wa Kijapani, kwa hiyo nasema kwa niliyozungumza nao jioni moto ukiwaka.

Wao kwao wana Shinto. Haina mwanzilishi, haina kitabu kimoja kama Biblia au Kurani, mlima unaweza kuwa mtakatifu, mti mkongwe unafungwa kamba ya heshima, maporomoko yana wenyewe. Hakuna anayewauliza Wajapani kama hiyo ni dini. Ina mahekalu kila mtaa na kila kitabu cha shule kinaihesabu.

Sasa huku kwetu, mlima Nkungwe, urefu wake mita 2,462, ni mtakatifu kwa Watongwe tangu zamani. Mahale ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 watu walikuwa wameshahamishwa. Mlima ukabaki na sokwe na watalii. Nkungwe haukuwa na hekalu la kupigwa picha, basi ukaitwa mila. Nawaambia ndugu zangu: wakati mwingine tofauti ya dini na mila ni nani ana nguvu ya kujenga.

#24 MwalimuMstaafu
#23 umesema jambo zito. Na Buha tulikuwa na wateko, wazee wa ardhi, waliosimamia mambo ya nchi na roho zake kabla hata ya watawala kuja. Mwami alitawala watu, mteko aliongea na ardhi. Hakuna safu ya daftari iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya mteko.

#25 WakiliTabora
Naingia kama mtu wa sheria. Mnaweza kudhani ni mazungumzo ya filamu tu, lakini kuita au kutoita dini kunaamua nani anabaki na ardhi yake.

India, jimbo la Odisha, kuna milima ya Niyamgiri. Watu wa Dongria Kondh wanaamini mlima ule ni makao ya mungu wao, Niyam Raja. Kampuni kubwa ilitaka kuchimba bauksaiti juu yake. Watetezi wao waliwafananisha waziwazi na Wanavi mwaka 2010, kwa sababu hadithi ni ileile: madini yako chini ya kitu kitakatifu. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabaraza ya vijiji yaulizwe, pamoja na mambo mengine, kama uchimbaji utagusa haki zao za kidini. Vijiji 12 vikaulizwa. Vyote 12 vikakataa. Mradi ukakwama.

Mahakama isingekuwa na cha kuuliza kama ingesema kwanza, "hii si dini, ni desturi ya watu wa msituni." Kwetu Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Imani imetajwa. Haikusema imani yenye kitabu.

Ndiyo maana mtu akiniambia babu zetu walikuwa na mila tu, namwomba afikirie mara mbili kabla hajatoa silaha hiyo mkononi mwa wajukuu.

#26 DagaaMchele
Kwenye sensa Mnavi angeandika nini sehemu ya dini?

#27 KijanaWaGungu
Asingeulizwa. Sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967.

#28 NesiBuhigwe
Naomba niulete uzi kwenye filamu ya pili, ile ya 2022, The Way of Water, kwa sababu kuna kipande ambacho sijakisahau.

Kiri, yule binti aliyezaliwa na mwili wa Kinavi wa Grace bila baba kujulikana, anajiunganisha na Mti wa Roho chini ya bahari. Anamwona mama yake. Ghafla anapata degedege, anazama, wanamtoa nusu mfu. Marafiki wa kibinadamu wanakuja na mashine zao, wanasema ni kifafa, na akijiunganisha tena anaweza kufa. Halafu Ronal, tsahìk wa watu wa pwani, anawaondoa, anatumia dawa zake na mikono yake, na mtoto anaamka.

Mimi ni nesi. Vifafa naviona. Nimeona mama anambeba mtoto kutoka kijijini baada ya kumpitisha kwanza kwa waganga, kwa sababu waliambiwa mizimu inamtaka. Mtoto alikuwa ameungua mkono, alianguka motoni wakati wa degedege. Dawa zilipoanza alitulia, sasa anasoma. Kwa hiyo Ronal akimsukuma daktari pembeni nilikasirika kweli, nikasimama.

Na bado filamu inasema yule mtoto ALIMWONA mama yake. Vyote viwili. Picha ya ubongo ilikuwa sahihi, na Eywa alikuwa sahihi. Fundi, wewe unasema kitu kikipimika kinaacha kuwa dini. Mashine ilimpima Kiri ikaona umeme wa ubongo uliochafuka. Haikuona mama. Basi kipimo kilifika mahali kikaishia, na mtoto aliendelea mbele.

Nawaomba tu kitu kimoja, hata kama hakihusiani na Wanavi: mtoto mwenye kifafa aletwe kituoni. Msali mkiwa njiani.

#29 KatekistaKasulu
Nesi, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Hilo la mwisho tunalisema pia kanisani.

#30 MnyamweziWaIsevya
#28 ahsante mama. Kwetu kulikuwa na chama cha Baswezi, watu wanaopandwa na roho, wana ngoma zao na siri zao, na mtu aliingizwa humo mara nyingi baada ya ugonjwa usioelezeka. Wengine walipona, wengine hawakupona. Nisingependa mtoto wangu mwenye degedege aishie ngomani. Lakini siwezi kusema Baswezi hawakuwa na dini. Ngazi zilikuwepo, viapo vilikuwepo.

#31 FundiKarabai
Wote nawashukuru, mmenipa kazi. Nijibu yaliyo makubwa.

Mwalimu #10, kipimo cha Durkheim ni kipana mno. Kwa kipimo hicho mashabiki wa Simba na Yanga nao wana dini: wana rangi zilizotengwa, wanakusanyika, wanalia pamoja.

Wakili #25, hoja yako ni nzito na naipenda, ila ni hoja ya manufaa. Kwamba kuita kitu dini kunaokoa mlima hakuthibitishi kwamba ni dini. Kunathibitisha kwamba sheria haina njia nyingine ya kuokoa mlima, na hilo ndilo la kurekebisha.

Nesi #28 ndiye aliyenigusa. Lakini mashine za wale binadamu zilikuwa ndogo. Lete mashine kubwa itamwona na mama, kwa sababu kumbukumbu za Grace zimo ndani ya mtandao. Grace mwenyewe, akikata roho, alisema yuko naye, na kwamba Eywa ni wa kweli. Alisema kama mtafiti aliyepata jibu.

Watongwe, Waha na Wanyamwezi wana dini. Nilikuwa na shaka juu ya neno "mila", sasa sina. Wanavi hapana. Wao wameshikwa mkono na Mama yao. Sisi hatujashikwa hivyo.

#32 WakiliTabora
Fundi, hebu jibu hili. Musa alizungumza na Mungu uso kwa uso, kwa mujibu wa vitabu vyetu. Alisikia sauti kweli. Basi Musa hakuwa na dini?

#33 MsomajiWaGungu
Wakili 👏🏾

#34 FundiKarabai
Musa alikuwa mmoja. Waliomfuata hawakusikia, wakaamini. Dini ni ya hao.

#35 BintiUjiji
Basi tuangalie Wanavi wasioshikwa mkono. Filamu ya tatu, Fire and Ash, Desemba 2025. Kuna ukoo wa Mangkwan, watu wa majivu. Volkano iliteketeza makazi yao. Walimwita Eywa, hakuja. Kiongozi wao, Varang, akamkataa, na ukoo mzima ukageuka kuwa adui wa wanaomfuata.

Fundi, umeme ukikatika unakasirika, lakini huukufuru. Huachi kuuamini. Huapi mbele ya watoto wako kwamba umeme ulikusaliti. Varang anamchukia Eywa kama mtu aliyeachwa na mama. Usaliti unahitaji ahadi, na ahadi inahitaji imani. Kumbe ndani ya Pandora yenyewe kuna waliosikia kimya, kama babu wa #8 alivyosikia kimya, ila wao wakaondoka.

#36 MvuviKibirizi
Hii ya #35 imenikaa. Ziwani nimeona watu wa namna hiyo. Ndugu amezama, mtu harudi tena msikitini wala kanisani, na hataki kusikia. Hakuna anayesema mtu yule hakuwa na dini hapo kwanza.

#37 KatekistaKasulu
Hapo Binti amenisogeza. Bado nasema ni ibada kwa kiumbe. Lakini kilio cha Varang nakijua, kimo katika Zaburi.

#38 FundiKarabai
Varang alitarajia mtandao umsaidie, mtandao ukafuata mizani yake. Alikuwa na matarajio makosa juu ya kitu halisi. Mkulima naye hulaani mvua, na mvua si mungu.

#39 MnyamweziWaIsevya
Hapana, hapana. Kwetu mvua ilikuwa na wenyewe, na mtemi aliyeshindwa kuleta mvua alijua kinachompata. Umechagua mfano mbaya mbele ya Mnyamwezi.

#40 BintiUjiji
Fundi, la mwisho kwa leo, betri inaisha. Walimpeleka Grace kwenye Mti wa Roho, roho yake ihamie mwili wake wa Kinavi, ukoo mzima ukakaa, wakaimba, wakaunganika. Grace akafa. Mo'at akasema muda haukutosha. Baadaye wakamleta Jake mahali palepale, wakakaa tena, wakaimba vilevile, bila uhakika wowote kwamba safari hii itakuwa tofauti. Ulisema Mnavi hangoji. Pale walikuwa wanafanya nini?

#41 FundiKarabai
Mara ya kwanza Grace alikuwa na jeraha la risasi, nguvu zilimwishia kabla hajavuka. Jake mwili wake wa kibinadamu ulikuwa mzima wa kutosha. Tofauti iko kwa mgonjwa.

#42 NesiBuhigwe
Fundi, hayo unayajua wewe uliyekaa nje ya filamu. Neytiri aliyemshika Jake kichwa hakuyajua.